Mkono Aliouinua Sireli

"Inamisha kichwa," Mjomba Netani alisema. "Siyo sana. Hapo hapo. Sasa unaonekana mtu aliyekosa. Mwanzo ulionekana maiti."

Sireli alijaribu kutabasamu, tabasamu likamgomea. Walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba ya kocha Apenisa, kwenye mlango wa chini, maana anayekuja kuomba radhi hapiti mlango wa mbele. Mjomba alikuwa amevaa sulu yake nyeusi ya kanisani, vazi la kujifunga kiunoni kama kikoi, ameipiga pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Kwapani alibana kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani ya kitambaa mlikuwa na jino la nyangumi, la rangi ya chai, na kamba yake ya kumbi iliyosukwa. Kwa desturi yao jino kama hilo hutolewa kuomba radhi, na hutolewa pia kuomba mchumba; hili lilikuwa la mwisho kwenye sanduku la ukoo wao. Tangu bibi yake Sireli aolewe, sanduku lile halikuwa limefunguliwa.

"Mle ndani wewe huna mdomo," Mjomba aliendelea. "Mdomo ni mimi. Utakaa mlangoni, utatazama mkeka, utanyamaza mpaka nikwambie tunaondoka. Ukitaka kukohoa, kohoa kwa adabu."

"Utawaambia nini, Mjomba?"

"Ilivyokuwa. Mvua ilinyesha siku tatu, uwanja ukawa tope, watu wakateleza, kijana wao akaumia shingo. Ni bahati mbaya, tunawaomba radhi."

"Mjomba, lakini..."

"Hiyo lakini yako iache hapa nje na viatu."

Mjomba akavua ndara, akabisha hodi, akaingia kwa niaba yao. Sireli akabaki peke yake karibu na bomba la maji. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, saa ile ile ya Jumamosi iliyopita. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya majani ya magimbi yaliyoungwa kwa tui, chakula alichokipenda kupita vyote. Siku hiyo aliigeuzia mgongo.

Jamani, kuna aibu ya kujikwaa mbele za watu, hiyo hupita kabla ya chakula cha usiku. Na kuna aibu unayolala nayo na kuamka nayo, ukinawa uso iko, ukimdunga mgonjwa sindano iko. Ya Sireli ilikuwa hiyo ya pili. Na mzizi wake ulikuwa neno moja dogo alilolisema miezi miwili nyuma.

Sireli alikuwa nesi. Alikulia Suva, mji mkuu, kwa mama mwenye hofu nyingi na kifua chenye pumu, na katika miaka yake ishirini na minane hakuwahi kuushika mpira wa raga hata wa plastiki. Kisha akahamishiwa zahanati ya Vunidilo, huku bonde la Sigatoka, ambako mtoto wa kiume hupewa mpira kabla hajaota meno. Wiki ya kwanza tu, Losalini akaingia zahanati na kidole gumba kilichokatwa na kisu cha kupasulia matikiti. Alikuwa anauza matikiti sokoni, na alikuwa na macho ya kumhesabia mtu dhambi zake. Sireli alikishika kile kidole kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Nesi," Losalini alimwuliza, "unanishona au unanitazama?"

"Vyote viwili," alijibu, na moyo wake ukawa umeshakwenda na maji.

Tatizo lilikuwa baba. Kocha Apenisa aliposikia, alisema mbele ya kijiji kizima: "Binti yangu haolewi na mtu wa vidonge. Mtu asiyejua kuangushwa chini, nitajuaje kama anajua kuinuka?" Basi Sireli akaenda kujiunga na klabu. Jioni ya kwanza walimkalisha mbele ya bakuli la kinywaji cha mizizi, na Apenisa akamtazama, akamwuliza kwa sauti ya kanisani: "Umewahi kucheza raga?"

Wanaume ishirini walikuwa wanamsikiliza. Akasema, "Ndiyo. Kidogo. Chuoni. Mstari wa mbele, kabla goti halijaniumiza."

Hakuna aliyeshtuka. Katika bonde lile, nani aliwahi kumwona mwanamume mzima asiyewahi kucheza raga? Walimpigia makofi, wakampa jezi. Alipokimbizwa kwenye vilima vya mchanga akatapika, walisema ni kutu ya Suva. Alipodondosha mpira walimwita Bwana Vidonge, wakacheka, wakamrushia mwingine. Kila yalipofika mazoezi ya skramu, pale wanaume wanane wa huku wanapofungana mabega na kusukumana na wanane wa kule, Sireli alilishika goti lake na kukunja uso. Vilikesa, kaka yake Losalini, aliyecheza katikati ya mstari wa mbele, ndiye aliyekuwa anamwambia, "Pumzika, shemeji. Goti halina spea." Shemeji! Alimwita hivyo wakati baba hajasema hata neno.

Ukweli aliujua mtu mmoja tu. Sireli alimwambia Losalini wote, na Losalini akamwambia, "Kamwambie Baba kabla hujaumbuka." Akaahidi. Akaahirisha. Akaahidi tena.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Losalini alitoka na sufuria, akaja moja kwa moja kwenye bomba kana kwamba hapakuwa na mtu. Hawakuwa wamesemeshana wiki nzima. Alikuwa amekonda uso, na nywele zake alizozoea kuzipamba kwa ua alikuwa amezifunga tu kwa kitambaa.

"Anaendeleaje?" Sireli aliuliza.

"Wewe si nesi? Unajua anavyoendelea."

"Nimesoma karatasi za hospitali. Nakuuliza wewe."

Losalini alifungua bomba. "Hashiki kijiko kwa mkono wa kushoto. Mama anamlisha. Mtu wa kilo mia na kumi, anafungua mdomo kama kifaranga, halafu anafanya mzaha ili Mama asilie." Akafunga bomba, sufuria haijajaa hata nusu. "Siku ile nilitikisa kichwa. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukainua mkono."

"Nikainua."

"Kwa nini, Sireli?"

Tukio lenyewe halikuchukua dakika moja. Mchezaji wa mstari wa mbele alitoka akichechemea, na refa akaja kwenye benchi akauliza anavyouliza refa yeyote: kati yenu nani amefundishwa mstari wa mbele? Asipopatikana, skramu hazitasukumwa, maana mtu asiyefundishwa huua wenzake. Vunidilo walikuwa nyuma kwa pointi nne, na nguvu yao yote ilikuwa kwenye kusukuma. Watu wote benchini wakamgeukia Sireli. Akatazama ng'ambo, kwenye mikeka ya wanawake, akamwona Losalini anatikisa kichwa polepole. Pembeni yake alisimama Apenisa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, yule mzee alikuwa anamtazama Sireli kama mtu.

"Kwa sababu baba yako alikuwa ananitazama," alisema. "Na wewe ulikuwa unanitazama. Nikaona heri nife kuliko kushusha macho."

"Lakini hukufa wewe."

Neno lile lilimwingia Sireli mpaka ndani. Alitamani ardhi ipasuke.

"Na mimi je?" Losalini alisema. "Unafikiri nalala? Nilikuwa na mdomo. Ningepiga ukelele mmoja tu, refa angesikia. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka uaibike mbele ya watu. Nilikuwa nakuonea huruma wewe, na shingo iliyokuwa inavunjika ni ya kaka yangu."

"Losa, usijibebeshe. Kosa ni langu."

"Usiniite Losa leo." Akafuta macho kwa kiwiko. "Mjomba wako atasema tope, sivyo? Nimemsikia akifanya mazoezi njiani."

"Ndiyo."

"Sikwambii useme, sikwambii unyamaze. Ukisema, Baba atakufukuza na hilo jino lenu. Usiposema, sijui nitakutazamaje tena. Basi."

Akaenda na sufuria yake. Kabla Sireli hajapata pumzi, Mjomba alitoa kichwa mlangoni akamnong'oneza, "Njoo. Kwa magoti."

Akaingia kwa magoti, macho kwenye mkeka, akakaa pale mwisho kabisa ambapo upepo wa mlango ulimpiga mgongoni. Juu upande wa mbele alikaa Apenisa na kaka zake wawili. Ubavuni walikaa Losalini na mama yake. Na katikati, juu ya godoro, mito mitatu mgongoni na kola nyeupe shingoni, alikuwa Vilikesa.

"Loo, daktari wangu amekuja," Vilikesa alisema. "Samahani sigeuki. Nimekatazwa kugeuka kutazama hata wasichana."

"Vilikesa," mama yake alimkemea.

"Mama, nimesema nimekatazwa."

Mjomba Netani akafunua kitambaa. Alilishika jino kwa mikono miwili, kamba inaning'inia, na akaanza kusema. Na alijua kusema, yule mzee! Aliutaja ukoo wa Apenisa, akautaja wao, akashuka hadi mvua ya siku tatu, akafika kwenye tope. Tope liliteleza, miguu iliteleza, mbingu zenyewe ziliteleza siku ile. Kila aliposema tope, Sireli alihisi kola inamkaba yeye.

Apenisa alisikiliza hadi mwisho. Akasogea, akalipokea jino kwa mikono miwili, na wanaume wote wakapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa, mara tatu. Mama akashusha pumzi. Mjomba alimtupia Sireli jicho la pembeni lililosema: umeona?

Yamekwisha. Hivyo tu. Wangekunywa bakuli mbili, wangekula magimbi, wangekwenda nyumbani.

"Baba," Vilikesa alisema, "kwa kuwa leo ni siku ya kuyamaliza, na mimi niseme langu. Sireli asilaumiwe. Tope lilikuwepo, lakini niliyeteleza ni mimi. Nimelifikiria usiku na mchana. Miaka kumi katikati ya mstari wa mbele, sijawahi kuangusha skramu hata moja. Jumamosi nikaiangusha ya kwanza. Maana yake miguu imekwisha." Akajaribu kucheka. "Hata majaribio ya timu ya mkoa yasiwaumize roho, nisingepita. Nikipona, sirudi uwanjani. Viatu vyangu mpeni anayevitaka."

Apenisa alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Sireli aliinua macho bila ruhusa, akamwona Losalini amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

Hapo ndipo aliposhindwa. Kuogopa kufukuzwa aliweza. Kuogopa kumkosa Losalini aliweza pia, alikuwa ameshaanza kuzoea. Lakini kukaa pale na kumtazama yule mtu mzuri akivua viatu vyake kwa sababu ya uongo wa mwingine, hapana.

"Haikuwa tope," alisema.

"Sireli!" Mjomba alifoka kwa mnong'ono.

"Nisamehe, Mjomba. Haikuwa tope, na haikuwa miguu yako, Vilikesa. Ilikuwa mimi. Sijawahi kucheza mstari wa mbele. Sijui hata mkono unashika wapi. Tulipoinama, nilishika hewa. Nilihisi uzito wote unakuja, nikaogopa, nikajitoa chini. Ulikuwa umening'inia kwenye bega langu, na bega nililiondoa." Akalipiga goti lake kofi. "Goti langu ni zima. Halijawahi kuuma. Nilidanganya siku ya kwanza, nikadanganya kila siku, nikamdanganya na refa. Mimi ni nesi. Najua shingo ni nini kuliko mtu yeyote humu ndani, na bado niliinua mkono."

Mjomba Netani alifumba macho kama mtu anayesubiri paa lianguke. Mmoja wa kaka zake Apenisa alianza kuinuka, uso umemwiva. Apenisa alimzuia kwa kiganja.

"Nani mwingine alijua?" aliuliza.

"Hakuna," Sireli alijibu haraka.

"Mimi nilijua."

Losalini alikuwa amepiga magoti, machozi yanatiririka bila kufutwa. "Mimi nilijua, Baba. Tangu mwanzo. Nilimwona anainua mkono, nikanyamaza." Akamgeukia kaka yake, ingawa desturi haimpi dada nafasi ya kumtazama kaka usoni hivyo. "Nisamehe, kaka. Tafadhali."

Mama akalia kwa sauti. Apenisa aliweka jino la nyangumi chini, kwenye mkeka, katikati yake na mlango. Alilitua taratibu, na kila mtu aliliona.

"Hili nililipokea kwa ajili ya tope," alisema. "Tope halikunikosea kitu."

Sireli aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alisikia nzi, alisikia mto unavyopita nyuma ya migomba, na alisikia kitu kingine alichodhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Vilikesa alikuwa anacheka, ameishika kola yake kwa mkono ule mzima.

"Alishika hewa!" alisema. "Aisee, alishika hewa! Mama, umesikia? Wiki nzima nimelala hapa naizika miguu yangu, kumbe jamaa alishika hewa!" Kisha kicheko kikaisha, na macho yake yakajaa. "Ungeniambia, Sireli. Siku yoyote. Ningekufundisha kwa mikono yangu na nisingemwambia mtu. Hilo ndilo linaloniuma. Shingo itapona."

Neno hilo lilimwumiza Sireli kuliko matusi yote ambayo hayakutukanwa. "Najua," alisema kwenye mkeka. "Najua. Nisamehe."

"Kaa vizuri," Apenisa alimwamuru. "Nataka kukuona."

Sireli akaketi. Yule mzee alimtazama kitambo, na uso wake haukuwa na huruma hata ya dawa. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya jioni ya kwanza, sauti ya kanisani, mbele ya ndugu zake, mke wake na watoto wake:

"Umewahi kucheza raga?"

Mashavu yalimwaka moto mpaka masikioni. Losalini alikuwa anamtazama. Safari hii hakutikisa kichwa, hakufanya lolote. Alingoja tu kama wengine.

"Hapana, Baba," Sireli alijibu. "Sijawahi hata siku moja."

Apenisa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelipwa alichodai siku nyingi. "Wanaoanza ni Jumanne, saa kumi. Wenzako watakuwa watoto wa darasa la tatu. Watakucheka. Utakaa nao mpaka wakuzoee." Akanyoosha mikono miwili, akaliinua jino kutoka mkekani, na kumgeukia mwanawe. "Shingo ni yako. Nilipokee?"

"Lipokee, Baba. Mkono wangu hauwezi kuliinua."

Makofi yakapigwa, mara tatu, mazito, na yalichelewa kuanza. Kaka yake Apenisa yule aliyekuwa ameinuka hakupiga. Aligeuza uso akatazama dirishani, na Sireli akaona ni haki yake.

"Na huyu," Apenisa alisema, bila kumtazama binti yake, "nitaongea naye baadaye. Mengine ninayoyasikia kijijini mimi siyajui. Jino nililolipokea leo ni la shingo ya mwanangu. La jambo lingine sijaliona."

Losalini aliinamisha kichwa. Lakini kabla hajakiinamisha, alimtupia Sireli jicho moja, jekundu kwa kulia, na lilikuwa na hasira bado, na chini ya hasira kulikuwa na kitu ambacho Sireli hakuwa amekiona wiki nzima.

Hawakupewa magimbi. Walitoka kinyumenyume kwa magoti, wakavaa ndara zao pale kwenye bomba. Mjomba Netani alikunja kile kitambaa cheupe mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka hakikunjiki tena. Walikwenda hadi walipofika kwenye uwanja wa klabu, ambako tope lilikuwa limeanza kukauka.

"Nilikwambia huna mdomo," Mjomba alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Umenivua nguo mbele ya watu wazima. Miaka sitini nasema kwa niaba ya ukoo huu, sijawahi kukatizwa."

"Nisamehe, Mjomba."

Mzee akaendelea kutembea, mikono nyuma, sulu yake imejaa makunyanzi ya magotini. Sireli alimfuata hatua mbili nyuma, uso bado unamwaka. Wakaupita uwanja. Wakalipita kanisa. Ghafla Mjomba akasimama, akageuka, akamtazama kwa hasira ya kweli kabisa.

"Sanduku ni tupu," alisema. "Sasa hilo jino la pili tutalipata wapi?"